Nilivyokwenda Stockholm Kuonja Pombe ya Posa

Safari hii ilianza siku kaka yangu Aikaeli alipokataa soda. Ilikuwa mwaka 2012, mwezi wa pili. Binti yake Anjela, anayeishi Stockholm na kufanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, alitutumia picha kwenye simu ya mwanangu. Mezani palikuwa na kreti mbili za soda, vitenge vilivyokunjwa vizuri, na nyuma yake mama mmoja wa Kikongo anatabasamu. Chini ya picha Anjela aliandika kwamba ameposwa na Bahati, mtoto wa mama huyo. Kaka aliisogeza simu mbali na macho, akaisogeza karibu, akaniuliza pombe iko wapi. Nikamwambia mimi pia siioni.

"Basi hajaposwa," akasema. "Amenyweshwa soda."

Kwetu Marangu, angalau katika ukoo wetu, msichana haposwi kwa maneno wala kwa vitenge. Upande wa mwanaume wanapika pombe, kwetu ni mbege ya ndizi na ulezi, kwa mikono yao, wanaileta kwa wazazi wa msichana, na kabla mtu yeyote hajaigusa, aliyeileta anakunywa kwanza. Si kugusisha midomo. Anakunywa na kumeza, watu wakiliangalia koo lake linavyopanda na kushuka. Maana yake kila mtu anaijua: nilichokuletea hakina sumu, na mimi sina hila na wewe. Akishameza, ndipo upande wa msichana wanaonja. Wakiikubali, ameposwa. Wakiiacha mezani, wageni wanafunga virago.

Kaka magoti yake hayapandi hata basi, sembuse ndege. Akaniita jioni moja akanikabidhi kazi mbele ya mke wake. "Nenda wewe. Wewe ni shangazi yake, na mbege umeipika tangu usichana wako, hakuna wa kukudanganya. Ukisema pombe imekubalika, nami nimekubali. Ukisema haikukubalika, Anjela ataolewa bila baraka yangu, kama anaweza." Nikamwambia nitakwenda, na sitarudi na jibu la nusunusu. Watu wanaonijua wanajua kwamba nikishasema hivyo, ugomvi umekwisha.

Kutoka uwanja wa Kilimanjaro nilipita Amsterdam, na kuhusu Amsterdam sina cha kuwasimulia isipokuwa kwamba nilitembea ndani ya jengo moja mpaka miguu ikavimba. Arlanda, uwanja wa Stockholm, Anjela alinipokea na koti kubwa la rangi ya kijani ambalo hata mume wangu marehemu lingempwaya. Nililivaa bila kubisha. Nje palikuwa na theluji ya mwisho wa majira, chafu, imerundikwa pembeni mwa barabara kama kifusi, na baridi ilinishika masikio kabla sijafika kwenye basi. Nikajiambia kwamba baridi si habari yangu, mimi nimekuja kwa pombe.

Hallunda, anakoishi Anjela, iko karibu na mwisho wa treni ya chini ya ardhi, ile wanayoiita ya njia nyekundu. Ni maghorofa na jengo moja la maduka, na humo ndani nilisikia Kiswahili kabla sijasikia Kiswidi. Mama mmoja alikuwa anagombana na mtoto wake juu ya kofia. Mama anafoka kwa Kiswahili, mtoto anajibu kwa Kiswidi, na walielewana vizuri sana, kwa sababu kofia ilivaliwa.

Usiku ule Anjela alinipikia ndizi za kununua, zilizosafiri mbali kuliko mimi, na nikamuuliza bila kuzunguka kwa nini nilitumiwa picha ya soda.

"Shangazi, tatizo si Bahati. Ni mama yake. Ameokoka. Hataki kuona pombe hata kwenye televisheni."

"Na sisi Walutheri wa Marangu ni wapagani? Tunatoka ibadani tunapitia kwenye mbege, na mzee wa kanisa tunamkuta ameshakaa."

Anjela alicheka, halafu akasukuma sahani pembeni. Akasema, "Ukirudi ukamwambia baba hapana, mimi siolewi. Bila baraka yake siwezi. Nimeshamwambia na Bahati hivyo. Kwa hiyo, Shangazi, naomba uje na moyo mweupe." Nilimwambia moyo ninao, na mweupe ni mweupe, lakini ulimi wangu nao haudanganyi. Alilala akiwa na wasiwasi, na mimi nililala nikimhurumia, ila sikubadilika.

Jumapili baada ya ibada tulikwenda Tensta kwa mama mkwe mtarajiwa. Ni treni mbili, nyekundu halafu ya buluu, na kutoka stesheni unapita vibanda vya mboga na maghorofa marefu yanayofanana mpaka hujui mtu anakumbukaje mlango wake. Mama Bahati alitufungulia kabla hatujabonyeza kengele. Ni mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwenye mikono ya moto. Aliishika mikono yangu yote miwili akaisugua. "Karibu sana, mama. Ingia, ingia, baridi ya huku inakamata mpaka mu mifupa." Mezani palikuwa na sombe, yaani kisamvu, bugali, ambao ni ugali wetu, na samaki wa kukaanga, na nilikula kama mtu aliyefika kwa ndugu.

Bahati alikaa mwisho wa meza. Kijana mrefu, mpole, vidole vina makovu madogomadogo. Alinihudumia maji ya kunawa mwenyewe, na alipokuwa ananiita Shangazi aliinamisha kichwa. Nilimpenda pale pale, na hilo lilinikera, kwa sababu hakimu hatakiwi kumpenda mtu kabla ya kesi.

Tulipomaliza kula nikasema lililonileta. Mama Bahati alinisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya mapaja.

"Mama, nasikia. Desturi ni desturi. Lakini mu nyumba hii pombe haiingii. Bwana yangu alikufa juu ya pombe, kule Uvira. Aliniachia mutoto mumoja, njo huyu. Niliapa mbele ya Mungu." Halafu akamgeukia mwanawe kwa fahari. "Na Mungu amenisikia. Bahati iko anatumika mu usine ya juis. Matunda tu!"

Kiwanda cha juisi. Nikamtazama Bahati ili nimpongeze, nikamkuta anakagua mifupa ya samaki kwenye sahani yake. Anjela naye ghafla akataka kwenda kuleta maji, na jagi lilikuwa limejaa. Nimelea watoto watano, siwezi kupitwa na kitu cha namna hiyo. Ila kwa heshima ya nyumba ya watu nilifunga mdomo.

Stesheni ya Tensta, Bahati alipotusindikiza, sikufunga tena. "Mwanangu, mimi sikuja Ulaya kuangalia theluji. Nataka pombe iliyotengenezwa na upande wenu, kwa mikono yenu. Si ya duka. Ikikosekana, nitarudi na kumwambia baba yake Anjela kwamba hakuna posa. Sitakuonea, wala sitakuongezea."

Bahati alichungulia reli mpaka treni ikasikika. Kisha akasema, "Shangazi, Jumamosi uje na mimi ku kazi. Iko kitu nataka uone."

Jumamosi asubuhi tulishuka kusini mwa mji, mimi na yeye tu, maana Anjela alikuwa kwenye zamu mpaka mchana. Tulitembea kando ya reli ya mizigo mpaka kwenye majengo ya zamani ya matofali mekundu. Hata kabla hajafungua mlango, pua yangu ilikwishaingia. Kimea. Kimea kilichochemshwa, na chachu. Harufu hiyo naijua kuliko marashi yoyote.

"Hii si juisi," nikasema.

"Si juis, Shangazi." Alisema akiwa bado ameushika ufunguo. "Ni kiwanda kidogo cha bia. Nilianza kwa kuosha mapipa. Sasa ni mimi naangalia mapipa yote."

Ndani, mapipa ya mbao yalilala safu juu ya safu, mbao za mwaloni zilizowahi kubeba divai. Bosi wake, Mswidi, amempa kila mfanyakazi pipa moja alitumie anavyotaka. Bahati alinipeleka kwenye la kwake, kwenye kona. Alinieleza kwamba kiangazi cha mwaka juzi yeye na Anjela walichuma cheri kwenye bustani ya bibi mmoja anayetunzwa na Anjela, cheri zile chachu, tunda dogo jekundu lenye kokwa, ambalo ukilila bichi unafumba jicho moja. Walichuma ndoo kwa ndoo mpaka mikono ikawa kama ya machinjioni. Bia ilikuwa imeshakaa ndani ya pipa mwaka mzima ikichacha polepole yenyewe, ndipo akazitia zile cheri na kokwa zake, akafunga, akasubiri tena.

"Sisi mbege tunaisubiri siku chache, watu wanalalamika," nikamwambia. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu tuonane. Nilizunguka lile pipa, nikaligonga kwa vifundo vya vidole, nikalinusa. Pombe iliyotengenezwa na mikono ya kijana mwenyewe, kwa matunda aliyoyachuma pamoja na binti yetu! Akilini nilimwona kaka akiitikia kwa kichwa, ameridhika. Nikamwambia Bahati, "Haya. Fanya inavyotakiwa."

Usoni mwa pipa kulikuwa na msumari. Aliuvuta kwa koleo, na pombe ikaruka nje, uzi mwembamba mwekundu, moja kwa moja ndani ya glasi. Akaurudisha msumari. Akainua glasi, akanusa, akaweka pombe mdomoni, akaizungusha huku na huku, macho amefumba. Mimi nikaliangalia koo lake.

Akainama, akaitema yote kwenye mfereji wa sakafuni.

Halafu akanipa mimi ile glasi, kwa mikono miwili, anatabasamu.

Jamani. Sijui niwaelezeje. Kwetu anayekuletea pombe halafu akaitema mwenyewe, hata mbwa wake humpi mkono. Niliiweka glasi juu ya meza, nikachukua koti langu la kijani. "Nirudishe Hallunda," nikasema. "Pombe yako itakaa hapo hapo."

Alinifuata mpaka mlangoni akiuliza amekosa nini, na nilipomwambia, alishika kichwa. "Hapana, Shangazi! Hapana. Mimi simezi yoyote. Hata moja. Ya mapipa yote haya." Akaniambia akiwa amesimama kwenye ule mlango, upepo unatupiga wote wawili. Baba yake alipokufa, mama alimuapisha kwamba pombe haitapita kooni mwake mpaka siku Bahati mwenyewe atakapozikwa. Alikuwa bado mtoto. Walipofika huku alitafuta kazi kila mahali, akapata hii, na akaipenda. Mama hangekubali, kwa hiyo akamwambia ni juisi. Lakini kiapo hakukigusa. Anaonja kwa ulimi, anatema, na wenzake wamezoea, kwa kuwa waonjaji wengine nao hutema wanapokuwa na mapipa mengi ya kupitia.

Nilimwamini? Nusu. Mtu anayemdanganya mama yake kuhusu kazi anaweza kunidanganya mimi kuhusu koo. Na hata nikimwamini, desturi ilikuwa bado imesimama pale pale: upande wao lazima umeze. Yeye hawezi kwa sababu ya kiapo, na mama yake hawezi kwa sababu ya wokovu. Kwa hiyo nikaamua kufanya jambo ambalo lingemaliza posa au lingeianzisha. Nilimwambia aijaze chupa moja, aifunge vizuri, ampigie Anjela atukute Tensta. "Pombe ya kujificha siipokei. Twende kwa mama yako. Utasema wewe mwenyewe, kwa mdomo wako." Aliiangalia chupa, akaniangalia mimi. Lakini alijaza.

Tensta tulifika mchana. Anjela alikuwa anatusubiri chini, bado na nguo za kazi, macho mekundu. Tulipanda ngazi watatu. Nilikumbuka kwamba pombe haiingii mle ndani, kwa hiyo nilimzuia Bahati asivuke. Mama Bahati akafungua, akatukuta tumejipanga kwenye ngazi kama wadai, chupa ikiwa mikononi mwa mwanawe. Aliiangalia chupa. Tabasamu likaondoka.

"Maman," Bahati akasema, "kazi yangu si ya juis. Ni ya bia. Nilikudanganya. Lakini sijameza. Hata tone."

Nilijiandaa kwa kilio. Mama Bahati aliegemea mlango, akavuta pumzi ndefu. "Mutoto wewe," akasema, "nani anafuaka nguo zako? Juis inanukaka hivyo?" Akaendelea, sauti ya chini. "Minajua siku nyingi. Kila jioni ukirudi naangalia macho yako. Najua macho ya mulevi, nililala nayo miaka. Ya kwako haikuwa vile hata siku moja. Njo maana nilinyamaza."

Bahati alijifuta uso kwa mkono wa sweta. Lakini kazi niliyotumwa ilikuwa haijaisha, na nilimweleza mama yule, kwa heshima yote, kilichobaki: kwamba mwenye kuleta lazima ameze kwanza, na kwamba bila hivyo sina la kumpelekea baba wa binti.

Mlango wa jirani ulifunguka ukafungwa. Kisha Mama Bahati akavuka kizingiti, akiwa na malapa, akaja pale kwenye baridi ya ngazi tulipokuwa sisi. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa Anjela wa kazini, akatoa kikombe cha plastiki kilichoonekana humo, akampa mwanawe.

"Mimina." Bahati akamimina. "Nilikufunga mimi, nakufungua mimi. Mungu anisamehe. Mara moja tu, juu ya ndoa yako. Meza, mutoto wangu."

Alisema maneno hayo huku amefumba macho. Hakutaka kuona. Mikono yake ilikuwa imekamatana kifuani, na midomo inaenda kwa sala isiyosikika. Bahati alikiinua kikombe mpaka kidevuni. Nilimwona Anjela anatikisa kichwa polepole, hapana, hapana, ingawa yeye ndiye angepoteza kuliko wote. Na hapo mimi, niliyetumwa kuangalia koo, nikagundua kwamba sitaki kuliona likimeza.

Nilimnyang'anya Bahati kikombe. Nikanywa mimi kwanza.

Sasa niwaambie ladha yake, maana ndiyo iliyonivusha bahari. Kwanza ilinikunja uso. Uchachu ulinishika nyuma ya taya, mkali, mkali kuliko mbege iliyolala siku nyingi. Nikadhani imeharibika. Lakini pombe iliyoharibika hufia mdomoni, na hii iliendelea kutembea. Nyuma ya uchachu likaja lile tunda, cheri lenyewe, bila sukari, na uchungu mdogo wa kokwa. Halafu ubao: mkavu, wenye ukakasi wa ndizi mbichi, ukabaki kwenye ufizi. Mwisho kabisa ilinukia kidogo kama ghala lenye nyasi kavu. Nikanywa tena, ili nisimdanganye kaka. Nikamaliza kikombe.

"Imekubalika," nikasema.

Mama Bahati akafumbua macho. Alimtazama mwanawe, akanitazama mimi, akaona kikombe kitupu mkononi mwangu. Akauliza, "Yeye amekunywa?" Nikamjibu, "Hakunywa, dada. Wala hatakunywa. Kiapo chako umebaki nacho." Alinikumbatia kwa nguvu mpaka kikombe kikaanguka, na Anjela alilia kwa sauti ambayo nadhani Tensta nzima iliisikia. Halafu tuliingia ndani kunywa soda. Chupa tuliiacha nje ya mlango.

Siku zilizobaki Mama Bahati alinifunza kutwanga sombe kwa mashine ya umeme, nami nikamwambia anapika vizuri lakini anatia chumvi kwa hasira. Tuliagana Arlanda, akaniwekea kitenge kwenye mkoba bila kuniuliza kama kina nafasi.

Marangu nilifika mchana, na sikupita nyumbani kwangu. Kaka alikuwa ameketi barazani, magoti ameyafunika shuka. Hakuniuliza habari za ndege.

"Nani alimeza kwanza?"

"Mimi."

Alinitazama kama mtu aliyeibiwa. "Nilikutuma mpaka Ulaya ukavunje desturi ya baba yako?" Nikamwambia akae kimya anisikilize, na kwa kuwa mimi ni mdogo wake kwa miaka mingi, alishangaa, akakaa kimya. Nilimsimulia yote, pipa na msumari na kutema, ngazi na malapa na macho yaliyofumbwa. Nikamwambia kile nilichojifunza, bila kukipamba: tunaliangalia koo la mtu ili tujue kama tunaweza kumwamini, na yule kijana alikuwa amekwisha kuaminika kabla sijapanda ndege. Kumlazimisha ameze kungeharibu kitu kile kile nilichokwenda kukitafuta.

"Miaka yote hiyo katikati ya mapipa," kaka akasema, "hajameza hata mara moja?"

"Hata tone."

Akageuka akaangalia migomba yake. Kisha akanyoosha mkono, akaomba simu. Nilimpigia Anjela nikampa. Nilimsikia mtoto upande wa pili akisema "Baba?" kwa sauti ndogo ya woga, na kaka akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Mwanangu," akasema, "nitafutie mama yake huyo kijana. Nataka kumshukuru kwa malezi."